Samaki Walioshuka Kwenye Lori

Kichwa changu kilikuwa kati ya magoti ya mama msusi, upande mmoja umeshasukwa, upande wa pili nywele zimesimama ovyo, niliposikia akimsimulia mteja mwingine jinsi kaka yangu alivyoua mtu.

Hakujua kwamba ni kaka yangu. Tulikuwa wageni katika mtaa ule wa Katuba. Kwake mimi nilikuwa mama mwenye mtoto wa kike anayechezea vifuniko vya chupa pale mlangoni, basi. Alipiga masolo, alisimulia kwa raha, kama watu wanavyosimulia mpira.

"Ule tolié alikubali yeye mwenyewe! Pa matanga, mbele ya bantu bote. Akasema: ni miye nilimupiga nyundo ya kichwa. Bantu banalia, yeye anacheka. Shetani kabisa."

"Na balimufunga?"

"Balimufunga, lakini alitoka siku ile basoda balikimbia. Mpaka leo anatembea mu muji humu."

"Yesu! Na pengine tunapitana naye mu njia."

"Pengine njo alikutengenezea motokari yako."

"Motokari yangu gani? Hii miguu?"

Wakacheka wote wawili, na vidole vya msusi bado vinavuta nywele zangu. Nikainuka.

"Mama, sijamaliza!"

"Miye nimemaliza."

Nikamshika mtoto mkono, nikatoka barabarani na nusu kichwa. Nilitaka kumpiga yule mwanamke, na nisingekuwa na mtoto ningempiga. Nililia mpaka nyumbani, machozi ya hasira, yale yanayochoma.

Mji huu umeisimulia kesi ile mpaka imekuwa sinema. Kila mtu ana muuaji wake. Kwenye baa wanabishana, kwenye mabasi wanabishana, na wengi wao hawakumjua marehemu wala hawakufika kwenye matanga yake. Mimi nilifika. Nilikuwa na mtoto mgongoni, bado ananyonya, na nilisikia kila neno. Sasa nisikilizwe mimi.

Marehemu alikuwa na malori. Mji wote ulimjua kwa samaki: alinunua samaki wakavu kule Kilwa, ziwani, akawaleta kwa barabara ile mbaya inayopita Kasomeno. Wakati kampuni ya migodi ilipoacha kulipa watu, na maduka yameshavunjwa na kuporwa mpaka milango, samaki wake ndio waliobaki kwenye sufuria zetu. Watu walimpenda na kumtukana kwa pumzi moja. Bei ikipanda ni mwizi, lori likifika ni baba.

Siku moja dereva wake aliogopa safari, kwa kuwa vizuizi vya askari vilikuwa vimeota barabarani kama majani. Marehemu akaendesha mwenyewe. Lori lilikutwa limesimama pembeni ya barabara, upande huu wa Kasomeno, na yeye ndani yake, kichwa kimevunjwa. Samaki wote walikuwa juu, vikapu vimefungwa kama vilivyofungwa Kilwa, hakuna hata kamba iliyoguswa.

Hapo ndipo kesi ilipoanza kuwa maarufu. Miaka ile mtu aliweza kuuawa kwa kiatu. Sasa ni muuaji gani anayeacha lori zima la samaki katika mji wenye njaa? Watu walikaa na swali hilo kama mtu aliyekwamwa na mwiba kooni.

Wa kwanza kutajwa alikuwa karani wake, mtu wa Kasai. Ilikuwa majira yale ya watu kuambiwa kwamba mji si wao. Watu waliozaliwa hapa, ambao babu zao waliletwa kujenga reli na kuchimba shaba, waliitwa wadudu, wakatolewa nyumbani, wakalala stesheni na magodoro yao wakingoja treni ya kwenda kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Karani alikuwa jirani yetu, mke wake ndiye aliyenifundisha kumfunga mtoto mgongoni bila kumbana kifua. Wakaondoka na treni. Mtaa ukasema: mnaona, amekimbia! Angebaki wangemchoma, na kabla ya kumchoma wangesema: mnaona, ana kiburi!

Halafu wakamtaja mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliyeuza jumla, kwa sababu tu duka lake lilikuwa linaendelea vizuri. Halafu askari wa kizuizini, lakini hao walitajwa kwa sauti ya chini, mtu akiangalia dirishani kwanza. Halafu mpwa wa marehemu. Kwetu mali haiendi kwa watoto, inaenda kwa mpwa, mtoto wa dada, na yule mpwa alirithi malori yote hata kabla vumbi la kaburi halijatulia. Sisemi ni yeye. Sijui ni nani. Nasema tu kwamba walikuwepo watu wa kuuliza, na aliyefungwa ni kaka yangu, tolié, yaani fundi wa kunyoosha bodi za magari, aliyekuwa nyumbani kwangu akila bukari, ugali wetu, siku ile marehemu anauawa.

Alifungwa kwa sababu ya mzaha. Na hata si mzaha wake, ni kazi aliyozaliwa nayo.

Sisi ni watu wa ukoo wa Samaki. Marehemu alikuwa wa ukoo wa Mamba. Tangu zamani Samaki na Mamba ni banungwe, yaani watani. Tunatukanana bila kukasirikiana, maana yeye anatula na sisi tunamsumbua. Na mtu wao akifa, sisi ndio tunaochimba kaburi na kubeba sanduku, na sisi ndio tunaoingia kwenye matanga na kuvuruga kilio. Tunasema tumefurahi amekufa. Tunasema ni sisi tuliomuua. Tunalala njiani sanduku lisipite mpaka tupewe kuku. Wafiwa wanatutukana, wanacheka wakiwa na machozi, na kile kicheko kinawapa nguvu ya kuzika. Munungwe asipokuja, watu wanasema maiti imetupwa.

Na kaka yangu alikuwa bingwa. Watu walimfuata matangani kama wanavyofuata orchestre, bendi ya muziki. Siku ile alichelewa makusudi. Wanawake walikuwa wamelia mpaka sauti zimekwisha, mama wa marehemu amekaa kwenye mkeka, macho makavu, hali wala hanywi. Akaingia kaka yangu na ovaroli ya kazi, nyundo begani kama bunduki.

"Basi! Munyamaze! Munalia mamba juu ya nini? Myaka yote alikuwa anatukula, leo amekula nyundo!"

Mzee mmoja wa kwao akajibu palepale: "Samaki weye, nani alikufungulia? Rudi mu kikapo!"

"Ninarudi! Si njo kule nilitoka? Munauliza nani aliua huyu muntu, polisi inauliza, redio inauliza, nani aliua, juu ya nini samaki haikupotea hata moja. Wajinga! Ni siye samaki! Tulikuwa juu ya lori. Tukaona pori imefika, tukashuka polepole, mumoja mumoja, tukamupiga Mamba nyundo ya kichwa, tukapanda tena, tukajifunga kamba, tukalala. Sasa mutahesabu nini? Tuko bote!"

Lupango nzima, ua wote wa nyumba, ililipuka. Watu walishikana ili wasianguke. Na mama wa marehemu, ambaye hakufungua mdomo tangu mwili ulipoletwa, alicheka. Nilimwona kwa macho yangu. Alicheka, halafu akaomba maji, akanywa. Kwa ajili hiyo tu utani wetu upo.

Mle lupangoni kulikuwa na mtu ambaye si wa kwetu. Nani, sijui mpaka leo. Kesho yake, wakati kaka yangu bado ana udongo wa kaburi kwenye kucha, gari la polisi lilikuja kwenye karakana yake. Walimbeba yeye, wakabeba na nyundo zake zote, hata ile ya mpira ambayo haiwezi kuua panya.

Nilienda kwa mkubwa wa upelelezi na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka mbali, mtu wa Kilingala, Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu.

"Madame, miye nauliza kitu moja. Alisema ao hakusema?"

"Alisema, chef, lakini ni bunungwe. Siye na ile famille tunachekana. Ni desturi."

"Muntu anakufa, munachekana?"

"Njo desturi yenyewe."

"Alijua ni kichwa. Alijua nyundo. Alijua juu ya nini samaki haikupotea."

"Samaki walishuka juu ya lori, chef? Samaki ya kukauka? Walishika nyundo na nini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta sehemu ya kunipiga. "Madame, huko kwetu, muntu akisema niliua, aliua."

Nikamwambia kichwa kila mtu alikijua, waliomwosha marehemu walikuwa wanawake, na wanawake wana midomo. Nyundo ni kwa sababu yeye ni tolié. Angekuwa mshonaji angesema samaki walimchoma sindano. Yule bwana akaniacha nimalize. Kisha akasema neno pekee la maana nililowahi kulisikia kwake: "Bon. Leta muntu ya ile famille. Mumoja. Akuje aseme hapa: huyu ni munungwe yetu, alikuwa anacheza. Nitamuachilia."

Nilishuka ngazi nikikimbia. Sentensi moja! Na watu wa lupango nzima walikuwepo, walicheka mpaka mbavu zikauma. Nilifikiri kaka yangu atalala nyumbani.

Nilimkuta mama wa marehemu palepale kwenye mkeka wake. Nilipiga magoti, nikamwita nkambo, bibi, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote. Alimchukua mtoto wangu akampakata. Nilipomweleza alitikisa kichwa muda mrefu.

"Mwanangu, najua ni bunungwe. Mu kilio yangu yote, pale tu njo nilipata kupumua. Yaya yako, kaka yako ule, alinisaidia."

"Basi twende, nkambo. Ni kusema tu vile umenisemea hivi. Nitakubeba hata mugongoni."

Hakuinuka. Akaanza kumtengeneza mtoto kofia, kumfunga kamba chini ya kidevu, kufungua, kufunga tena.

"Nikienda kusema hapana ni yeye, batauliza: sasa ni nani? Na batakuja kuuliza hapa. Miye niko nalala mu nyumba moja na benye banaweza kuulizwa."

Nilimwelewa. Nilitamani nisielewe. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, funguo za lori zinaning'inia kidoleni. Akasema kwa upole, upole kama mafuta: "Dada, nkambo amechoka. Na weye rudi kunyonyesha mutoto."

Nikamuuliza: "Na weye ulicheka, ao hukucheka? Siku ile ulilala chini kwa kicheko, shati yako ikajaa mavumbi. Twende weye."

"Miye sina nguvu ya kuingia mu mambo ya polisi."

"Una nguvu ya kuendesha malori."

Bibi akanirudishia mtoto. Hakuniangalia usoni. Kuna watu wanaoniambia nimsamehe, alikuwa mzee, alikuwa na hofu. Mimi najua hofu. Katika miaka ile nilikuwa na hofu nikienda kuchota maji. Lakini yeye alimweka kaka yangu mlangoni pake kama jiwe la kuzuia mlango usifunguke, akijua ni mtu, akijua ana jina na dada na mpwa wa kulea. Kaka yangu aliwafaa wakiwa wanalia, na akawafaa tena akiwa kasho, kifungoni.

Niligonga milango mingine. Mzee aliyemjibu kwa matusi siku ile aliniambia goti linauma. Mama mdogo wa marehemu aliniambia niombe sana. Wote walikuwa na midomo ya kucheka, na hakuna aliyekuwa na mdomo wa kusema.

Kaka yangu hakuhukumiwa. Hakuna jaji aliyemwona. Alikaa gerezani mpaka vita ilipofika mjini, na siku askari wa zamani walipovua magwanda na kukimbia, walinzi wa gereza wakakimbia pia, milango ikabaki wazi, akatoka kwa miguu pamoja na wezi na wauaji wa kweli. Alifika kwangu mchana, amefunga kitambaa mkono wa kulia. Vidole havikunji. Mtu wa nyundo, vidole havikunji. Sikumuuliza walimfanya nini, na yeye hakusema.

Na kwa sababu hakuna aliyemwachilia, hakuachiliwa. Mnaelewa? Aliyefunguliwa na jaji anasema jaji kanifungua. Kaka yangu alifunguliwa na upepo. Basi kila mtu akawa huru kumsimulia apendavyo, na tukahama mtaa, na bado siku moja binti yangu alirudi kutoka bombani analia, ndoo tupu.

"Mama, banasema mjomba yangu anaua bantu. Banasema siye ni famille ya nyundo."

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mzee wake. Akichafuliwa mjomba, mtoto naye kachafuliwa, na watoto watakaozaliwa naye. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi, kuliko muuaji. Muuaji watamtafuta wakitaka. Mimi nilitaka sentensi yangu.

Wiki ileile ya mama msusi, habari ikaja kwamba bibi amefariki. Na pamoja na habari ukaja ujumbe wa wazee wa Mamba: banungwe waje, sanduku halina wabebaji.

Walikuwa na uso wa kuutuma!

Wazee wetu walikaa nyumbani kwangu wakaangalia sakafu. Hakuna mwanamume wa Samaki aliyetaka kwenda. "Ili batufunge tena?" akasema mmoja. "Basi kule kwao babebe benyewe." Kaka yangu alikuwa kwenye kiti cha kona, mkono kwenye paja. Tangu atoke gerezani hakukanyaga matanga yoyote, na mtu aliyekuwa akichekesha mitaa mizima alikuwa akimaliza siku na maneno ya kuomba chumvi.

"Nitaenda miye," nikasema.

"Mwanamuke peke yake?"

"Kwani mamba anachagua samaki?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Nikafunga kitambaa kichwani, sababu nusu ya nywele bado zilikuwa hazijasukwa, nikamwachia kaka yangu mtoto, nikaenda.

Nilifika wakati wanatoa sanduku. Vijana wa kukodiwa walikuwa wamelibeba, hawajui hata kupanga mabega. Mbele anakwenda mpwa, suti nyeusi, kitambaa cheupe mkononi. Barabara ilijaa: watu wa soko la samaki, madereva, majirani, wapambe, hata wale wanaokuja kwa ajili ya chakula tu. Nilipenya mpaka kwenye mlango wa lupango, nikalala chini, njiani, katikati ya vumbi.

"Huyu mama hapiti!"

Kilio kikakatika. Mtu akasema, "Ni nani ule?" Mwingine akasema, "Ni dada ya tolié." Nikasikia neno hilo likipita kutoka mdomo hadi mdomo, tolié, tolié, na watu wakarudi nyuma hatua.

"Ndiyo, ni miye! Munungwe wenu! Mulituita, nimekuja. Ni siye tuliua mutoto yake, si mulisema? Leo tumemaliza na mama. Tulishuka tena juu ya lori!"

Hakuna aliyecheka. Nikasikia wabebaji wanavyohema. Nilikuwa nimelala pale mgongo chini, nimeshika vumbi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Mpwa akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, tafadhali. Tuko na kilio. Inuka."

"Siinuki. Munataka kupita, museme. Huyu ni nani amelala hapa?"

"Inuka, nitakupa kitu."

"Sitaki kitu. Miye ni nani? Muuaji ao munungwe? Kama ni muuaji, ita polisi, iko pale kwa kona. Kama ni munungwe, sema. Bantu beko nangoja kuzika."

Alikuwa anatoka jasho. Nikaona anahesabu kichwani: polisi wakija, wataanza tena kuuliza maswali ya zamani. Akasimama hapo, anaangalia watu, anaangalia sanduku. Na mimi katika kujitikisa kwa hasira kitambaa kikanitoka kichwani.

Hapo ndipo mama mdogo wa marehemu, yuleyule aliyeniambia niombe sana, alipotoa sauti nyuma ya sanduku: "Eee Mungu! Angalia samaki imekuja nusu! Nusu njo tulikula jana, hii nusu ingine inadai nini?"

Mtu mmoja akapasua kicheko. Halafu mwingine. Halafu kicheko kikaruka ukuta kikaingia barabarani, kicheko cha watu waliobana pumzi miaka. Mimi nilikuwa nimelala chini na nusu kichwa, na nilikuwa nalia, na nilikuwa sijamaliza.

"Mamba muzee weye, meno hauna, utakula nini? Mwambie huyu mutoto yako aseme!"

"Sema, mwana," yule mama mdogo akamwambia mpwa. "Tutazika saa ngapi?"

Akasema. Alinong'onea kola ya shati yake.

"Sauti!"

"Ni munungwe yetu."

"Na yaya yangu?"

"Na yeye ni munungwe. Alikuwa anacheza. Ni bunungwe tu."

"Rudia, bale ba soko habakusikia."

"Ni bunungwe tu!" akapiga kelele, na kitambaa chake cheupe kikaanguka kwenye vumbi.

Nikainuka, nikajikung'uta, nikaingiza bega langu chini ya sanduku. Nilimbeba yule bibi mpaka kaburini, na njia nzima nilikuwa na hasira kuliko nilivyokuja. Maneno yale yalichukua muda gani kusemwa? Pumzi moja. Mtu anaweza kuyasema akiwa anafunga kiatu. Na kwa kukosa pumzi hiyo kaka yangu alipoteza mkono. Nilikuwa nimefikiri nikiyasikia nitapoa. Sikupoa.

Nyumbani kaka yangu alikuwa anamenyea mtoto karanga kwa mkono wa kushoto. Nilimsimulia yote. Alisikiliza bila kuinua macho, mpaka mwisho.

"Alisema mbele ya bantu?"

"Mbele ya soko nzima."

Akamenya karanga moja zaidi. Halafu akauliza: "Na kuku?"

"Kuku gani?"

"Ulilala mu njia, ukazuia sanduku, ukaacha bapite bila kuku?"

"Yaya, nilisahau."

"Ulisahau!" Akasimama. "Munungwe anasahau kuku! Sasa watajua ni bunungwe namna gani? Umetupatisha haya! Siku gani nilikufundisha hivyo?" Alikuwa anatembea chumbani, anapiga kelele, vidole vyake vibovu vinakata hewa, na mtoto anamcheka, na mimi nilimwangalia kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu gerezani alipopandisha sauti.

Asubuhi nilirudi kwa wafiwa nikadai. Yule mama mdogo alinitukana mpaka jasho likamtoka, akanipa jogoo mwekundu, mzito, mwenye kelele. Mwenye kuua mtu hapewi kuku na wenye maiti. Hilo kila mtu wa hapa analijua, hata asiyejua kusoma.

Sikupita njia ya mkato. Nilimbeba kwapani, mabawa wazi, nikapita sokoni, nikapita bombani kwenye watoto wa ndoo, nikaingia kwa mama msusi. Alikuwa na wateja. Alinitambua kwa nusu kichwa. Na macho yake yalipomfikia jogoo, mdomo ulifunguka: habari za matanga zilikuwa zimeshamfikia.

Nilikaa chini, kati ya magoti yake, jogoo nimemfunga mguu kwenye kifundo changu.

"Malizia," nikamwambia. "Na ile masolo ya tolié, anza tena. Kutoka mwanzo. Nitakusahihisha."